Kompyuta ya XP imegoma: angalia betri kabla hujapiga Windows

Marahaba, mwanangu. Pole kwa karakana kulala siku nne, tena Desemba, wakati kila mzazi anataka nembo ya sare kabla shule hazijafunguliwa.

Kwa faida ya wengine, swali lako ni hili. Kompyuta inayoendesha mashine ya tarizi ya mama yako ni ya mtumba, aliinunua mwaka 2010 ikiwa na Windows XP, na haijawahi kubadilishwa kitu. Ijumaa umeme ulikatika ukarudi Jumatatu. Ulipowasha, kilitokea kioo cheusi chenye maandishi kwamba saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Ukabonyeza. Nembo ya Windows ikaja, vile vimraba vikapita mara mbili tatu, kisha kioo cha buluu kikamweka na mashine ikajiwasha upya. Tangu hapo inazunguka hivyo hivyo. Fundi wa jirani amekwambia upige Windows 10 au uitupe. Programu ya tarizi inakubali XP peke yake, na ina ufunguo wa leseni, kile kifaa kidogo kinachothibitisha kwamba programu imelipiwa, uliochomekwa nyuma, kwenye poti ya printa. Rafiki yako amekupa sidii ya XP. Unauliza namna ya kupiga XP upya, yaani kuisakinisha tena, na kama michoro ya miaka kumi na tano itapona.

Hiyo sidii iweke kabatini kwanza. Kwa dalili ulizoandika, naamini XP yako ni nzima, michoro yako ni mizima, na kilichokufa ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitakueleza pia namna ya kupiga XP upya, kwa sababu siku moja utahitaji kujua hata kama si leo.

Ndani ya kompyuta kuna betri inayoitwa CR2032, ya volti 3, ukubwa wa sarafu. Kazi yake ni kuitunzia mashine saa na mipangilio ya BIOS, yaani ile programu ya mwanzo kabisa inayoamka kabla ya Windows. Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye soketi yenye umeme, hata kama umeizima, pawa saplai inaendelea kutoa umeme kidogo na betri haitumiki. Ndiyo maana betri inaweza kuwa imekufa mwaka mzima na usijue. Siku umeme ukikatika kwa muda mrefu ndipo inapotakiwa kufanya kazi peke yake, inashindwa, na BIOS inasahau kila kitu. Ijumaa hadi Jumatatu zilitosha. Yale maandishi kwamba saa haijawekwa ndiyo BIOS yenyewe inakwambia hivyo.

Sasa kwa nini kusahau saa kuizuie Windows? Saa haiizuii. Kinachoizuia ni mpangilio mwingine uliopotea pamoja na saa: namna mazabodi inavyozungumza na diski. Mazabodi za miaka ile zina lugha mbili za kuzungumza na diski ya SATA, yaani diski inayounganishwa kwa ule waya mwembamba bapa. Moja ni ya zamani, inaitwa IDE au ATA, nyingine ni mpya zaidi, inaitwa AHCI. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, kabla AHCI haijaenea, na haina draiva yake ndani, yaani programu ndogo ya kuiwezesha kuielewa lugha hiyo. Kwa hiyo aliyepiga XP kwenye mashine yenu alilazimika kuingia BIOS na kuchagua lugha ya zamani. Betri ilipokufa, BIOS ikarudi kwenye chaguo la kiwandani, na kwenye kompyuta nyingi za ofisini za kipindi hicho chaguo la kiwandani ni AHCI.

Angalia jinsi ushahidi wako unavyolingana na hilo. Nembo ya Windows ilitokea. Maana yake diski ilisomeka: faili za mwanzo zilitoka kwenye diski zikaingia kwenye kumbukumbu, kwa sababu hatua hiyo inafanywa kwa msaada wa BIOS. Baada ya hapo Windows inataka kusoma diski kwa draiva yake yenyewe, inaongea lugha ya zamani, anayejibu anaongea mpya, na pale pale inasimama na kioo cha buluu. Diski iliyokufa isingefika kwenye nembo. Windows iliyoharibika ingeweza kufika hapo, sikatai, lakini isingeambatana na saa iliyopotea asubuhi ile ile.

Tuhakikishe badala ya kukisia. Washa, na kabla nembo haijatokea bonyezabonyeza F8. Utapata orodha nyeupe kwenye kioo cheusi. Tafuta mstari unaosema «Disable automatic restart on system failure», uuchague. Safari hii kioo cha buluu kitatulia, usome kwa utaratibu. Karibu na mwisho kuna neno STOP likifuatwa na tarakimu. Zikiwa 0x0000007B, ndicho hicho: Windows inalalamika kwamba haifikii diski iliyowashwa nayo. Piga picha kwa simu.

Kisha zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na ufungue kifuniko. Gusa chuma cha kasha kwa mkono kabla hujagusa kingine. Betri utaiona bila kutafuta. Sukuma kile kibanio cha pembeni, inaruka yenyewe. Ukiwa na mita ya umeme ipime: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, na iliyoshuka chini ya 2.5 ni ya kutupa. Mafundi saa wanazo, na hata zile za rimoti za magari ni hizo hizo mara nyingi, ila soma namba: CR2032, si CR2025, ambayo ni nyembamba zaidi na itacheza kwenye kikombe chake. Upande wenye alama ya kujumlisha unaangalia juu.

Wakati kifuniko kiko wazi, nifanyie jambo moja zaidi. Angalia vile vipipa vidogo vilivyosimama karibu na prosesa, vyenye alama ya msalaba au herufi K kichwani. Hizo ni kapasita. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa kama kifuniko cha kopo. Ukiona kimoja kimevimba kama andazi, au kimetoa uchafu wa kahawia, mazabodi hiyo iko njiani kufa, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimekufa kwa ugonjwa huo. Mashine inaweza kuwaka leo, lakini ujue unaazima muda. Ondoa vumbi la feni pia, kwa brashi laini ya rangi, si kwa kitambaa kibichi.

Rudisha waya, washa, ingia BIOS. Kwenye Dell ni F2, kwenye HP ni F10, Lenovo za ofisini F1, nyingine kitufe cha Delete. Weka tarehe na saa sahihi. Kisha tafuta sehemu ya diski, yenye jina kama SATA Operation, SATA Mode au Storage. Utakuta imesimama kwenye AHCI au RAID. Iweke kwenye lile chaguo lenye neno IDE, ATA, Legacy au Compatible, kila kampuni ina neno lake. Usitoke bado, kwa sababu kuna la pili ambalo mafundi wengi hulisahau: poti ya printa na poti ya siriali nazo zina mipangilio humo humo. Ufunguo wako wa leseni unatafutwa kwenye poti ya printa, na kawaida anwani yake ni 378. Mashine ya tarizi, kama inapokea michoro kwa waya, inatafutwa kwenye COM1, poti ya siriali ya kwanza, ambayo anwani yake ni 3F8. Ukikuta poti hizo zimefungwa au zina anwani nyingine, zirudishe hapo. Bila hivyo Windows itawaka vizuri, halafu programu ya tarizi itakwambia haina leseni, utachanganyikiwa upya. Hifadhi, toka.

Natarajia iwake. Ikiwaka, usikimbilie kushona nembo. Najua oda zimejaa, lakini nipe saa mbili.

Katika saa hizo, toa nakala ya kila kitu. Na hapa nataka uelewe vizuri nini kina thamani kwenye hiyo kompyuta. Watu wakisema wamehifadhi data, wanamaanisha wamenakili folda ya nyaraka. Programu za tarizi za zamani mara nyingi hazihifadhi michoro huko. Zinaiweka ndani ya folda ya programu yenyewe, chini ya Program Files, au mwanzoni kabisa mwa C, ile sehemu kuu ya diski. Tafuta kwa mwisho wa jina la faili: DST, na ule wa programu unayotumia, kwa mfano EMB au PES. Usitosheke na DST. Faili ya DST inabeba mishono tu, sindano iende wapi na uzi ubadilishwe lini. Haibebi rangi zenyewe wala umbo ulilochora, kwa hiyo ukitaka kuikuza nembo kutoka ya mfukoni hadi ya mgongoni, DST itakupa mishono iliyotanuka na kitambaa kinachoonekana katikati. Faili asili ya programu ndiyo inayoweza kukuzwa ikapangwa upya. Hiyo ndiyo jasho la mama yako.

Baada ya faili, piga picha kwa simu kila kioo cha mipangilio ya programu: aina ya mashine, poti, kasi ya mawasiliano, upana wa fremu. Piga picha ile stika ya Windows iliyobandikwa ubavuni mwa kasha, yenye herufi na namba 25 katika mafungu matano. Nyingi zimefutika kwa kusuguliwa na miguu chini ya meza, na yako ikifutika hutaipata tena.

Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, chukua nakala ya diski nzima. Kunakili faili peke yake hakutoshi. Kuna programu ya bure inaitwa Clonezilla, unaiweka kwenye sidii au flashi, unaiwasha kompyuta kwa hiyo, na inanakili diski yote kwenda diski nyingine: Windows, draiva, programu ya tarizi, mipangilio, hata mandhari ya kioo. Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Soma majina na ukubwa wa diski mara tatu kabla ya kukubali, maana ukigeuza chanzo na mwisho, utanakili utupu juu ya kazi ya miaka kumi na tano. Ukimaliza, chomoa ya zamani, weka mpya, washa. Ikiwaka, umepata kitu ambacho sidii ya rafiki yako haiwezi kukupa.

Nakuuliza swali ambalo hukuligusa kwenye barua yako: sidii ya kusakinishia programu ya tarizi unayo? Na ile ya draiva ya ufunguo? Kama huna, kufomati diski hiyo ni kufunga karakana. XP inapatikana. Programu ya tarizi ya mwaka ule, yenye toleo linaloutambua ufunguo wako, huenda isipatikane popote. Ndiyo maana nimekuzuia tangu mwanzo.

Sasa tuseme nimekosea. Umebadilisha betri, umerekebisha BIOS, na bado haiwaki.

Kama kioo cha buluu kina namba nyingine, namba hiyo ina maana. 0x00000024 na 0x000000ED zinaelekeza kwenye mpangilio wa faili ulioharibika, jambo la kawaida umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika. Kioo cheusi kinachosema «NTLDR is missing», yaani faili ya kuianzisha Windows haionekani, mara nyingi si msiba: chomoa flashi zote na kadi zote, maana huenda kompyuta inajaribu kuwaka kwa flashi ya mteja. Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, kwa mpigo mmoja, zima papo hapo. Kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa kitu. Diski hiyo haitaki Windows, inataka kunakiliwa kwa programu kama ddrescue na mtu mwenye subira, na baada ya hapo haitumiki tena.

Kabla ya kujaribu matengenezo yoyote, okoa faili kwanza. Njia nyepesi ni kuiwasha mashine kwa Linux ndogo kama Puppy kutoka kwenye sidii au flashi. Inafanya kazi bila kusakinishwa kwenye diski, inasoma diski ya Windows, na haizuiwi na nywila ya XP. Au chomoa diski, iunge kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB. Kompyuta hiyo ikikuuliza kama ufomati diski au uirekebishe, kataa. Nakili, hakikisha nakala zinafunguka, ndipo urudi.

Sidii ya XP unayotumia iwe na Service Pack 2 au 3, yaani yale mafungu ya marekebisho ya Microsoft. Ile ya mwanzo ya 2001 haioni sawasawa diski inayozidi gigabaiti 137, na inaweza kuharibu sehemu ya pili ya diski kubwa bila kukwambia. Na nakala za mitaani zilizochezewa, zenye programu ishirini ndani na mandhari za rangi, usiziguse kwa mashine ya kazi. Kama mashine ilikuja na sidii ya kampuni yake, hiyo ndiyo bora, kwa sababu namba ya stika ya ubavuni haikubaliki na kila aina ya sidii.

BIOS ibaki kwenye IDE. Kama ungeitia sidii hiyo Jumatatu ukiwa kwenye AHCI, ingekwambia haioni diski yoyote, au ingekupa buluu ile ile ya 7B, na fundi angesema diski imekufa ukanunue nyingine. Tumia kibodi ya zamani yenye plagi ya duara ukiipata, maana ya USB wakati mwingine haisikiki katika hatua za mwanzo.

Ukiiwasha kwa sidii, utaletwa kwenye kioo cha buluu chenye machaguo matatu. R ya hapo inakupeleka kwenye Recovery Console, mahali pa amri. Itakuuliza Windows ipi, jibu 1, kisha nywila ya msimamizi, ambayo mara nyingi ni tupu, bonyeza Enter. Amri ya chkdsk /r inakagua diski na kurekebisha, inaweza kuchukua saa kadhaa, iache. Kama tatizo ni NTLDR kweli, unanakili faili mbili kutoka folda ya i386 ya sidii, ntldr na ntdetect.com, kwenda C, kisha unaandika amri ya fixboot. Mashine nyingi huamkia hapo hapo.

Zisipoamka, kuna njia ya katikati ambayo mafundi wengi hawaitumii, nami naisikitikia. Anza upya kwa sidii, safari hii usibonyeze R ya kwanza. Bonyeza Enter kana kwamba unapiga Windows mpya, kubali masharti kwa F8, na sidii itatafuta XP iliyopo. Ikiipata, itakupa R ya pili. Hiyo ndiyo ya kukarabati: inapiga XP juu ya XP, inabakiza programu zako, faili zako na mipangilio karibu yote. Kama hiyo R ya pili haikutokea, simama. Bonyeza F3 utoke. Ukiendelea kwa Enter kutoka hapo, unaelekea kwenye kufuta.

Iwapo kufuta ndiko kumebaki, na nakala unazo mkononi, na sidii ya tarizi unayo, basi endelea. Hapo pana mtego ulioniumiza. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipigia kwaya moja Windows kwenye kompyuta yenye kisoma kadi. Kisoma kadi kilikuwa kimechukua herufi za mwanzo, kwa hiyo herufi nilizoziona kwenye kioo cha sidii hazikuwa zile wenyewe walizozizoea kwenye Windows. Niliambiwa nyimbo ziko D, C ifutwe. Nilifuta herufi, sikuangalia ukubwa. Rekodi za mazoezi ya miaka mitatu zilipotea, na mwalimu wa kwaya alinyamaza kimya muda mrefu kabla hajaniambia si neno. Tangu siku hiyo nasoma ukubwa, sisomi herufi. Chomoa kisoma kadi, flashi, diski za nje, kila kitu, ibaki diski moja tu mbele yako.

Sidii ikikuuliza mpangilio wa faili, chagua NTFS. Sidii itanakili faili, kompyuta itajiwasha, na itakuomba tena ubonyeze kitufe chochote ili iwake kwa sidii. Usibonyeze. Ukibonyeza inaanza mwanzo, na nimekuta watu wamezunguka hapo jioni nzima wakidhani sidii ni mbovu. Acha iendelee yenyewe kwa diski. Itakuandikia dakika 39, na dakika za XP ni ndefu, chemsha chai.

Draiva zinaanza na ya mazabodi, kisha ya kioo, kisha zilizobaki. Pakua kwa kompyuta nyingine kutoka kwa kampuni iliyotengeneza mashine, kwa namba ya modeli, usikubali vile vifurushi vya draiva za kila mashine vinavyogawiwa mitandaoni. Halafu Service Pack 3 kama sidii haikuwa nayo. Kisha draiva ya ufunguo, ufunguo wenyewe, na mwisho programu ya tarizi. Fuata mpangilio huo.

Kuhusu ushauri wa fundi wako, sitaki umdharau. Kwa kompyuta ya ofisi ya kawaida, ningemuunga mkono kwamba XP imepitwa: Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ila hata Windows 10 anayokupa huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Na shida yako haiko kwenye Windows, iko kwenye ule ufunguo. Unaweza kuiendesha XP ndani ya kompyuta mpya kwa programu kama VirtualBox, na kwa ufunguo wa USB njia hiyo ningekupendekezea. Ufunguo wa poti ya printa ni habari nyingine. Zile waya za USB kwenda poti ya printa zinajua kuchapa tu, hazipitishi mazungumzo ya ufunguo. Kadi ya poti inayochomekwa kwenye mazabodi mara nyingine inafanya kazi, mara nyingine inakataa kwa sababu inapewa anwani isiyo 378. Muulize aliyewauzia mashine ya tarizi kama wanabadilisha ufunguo wa zamani kwa wa USB. Wakikubali, lipia. Mpaka hapo, mashine hii inaendelea.

Lakini isiende mtandaoni kamwe. Chomoa waya wa intaneti, zima waya-less kama ipo. Mei 2017, virusi vya WannaCry viliposambaa duniani, Microsoft walilazimika kutoa kiraka cha dharura kwa XP iliyokwisha kustaafu, na Mei 2019 wakatoa kingine kwa tundu jipya. Usijenge karakana juu ya dharura ya tatu. Mlango uliobaki ni flashi za wateja. Mwalimu analeta nembo ya shule kwenye flashi iliyopita kwenye stationery tatu, na folda zote zimegeuka shotikati. Pokea flashi hizo kwenye kompyuta nyingine, safisha, toa picha peke yake, na uihamishe kwa flashi moja ya karakana isiyotoka nje ya mlango. Kama mama yako anapokea oda kwa WhatsApp, hiyo kompyuta nyingine ifanye na hilo.

Nunua pia UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, hata ndogo. Haitakushonea nembo wakati wa giza, itakupa dakika chache za kuzima kwa heshima.

Ile diski uliyoinakili na kuijaribu, izungushie karatasi, andika tarehe na neno INAWAKA kwa kalamu ya wino mzito, uiweke nyumbani, si karakana. Ndani ya kifuniko cha kompyuta bandika karatasi nyingine: tarehe ya betri mpya, SATA iwe IDE, poti ya printa 378. Betri hizo hudumu miaka kadhaa, na siku hii ikifa, huenda atakayefungua kifuniko si wewe.

Anza na F8 usiku huu. Ukiona namba isiyo 7B, niandikie tarakimu zote nane pamoja na jina la modeli lililo mbele ya kasha, na usiguse kingine mpaka nikujibu. Nisalimie mama.